Rangi kwa Wachoraji, Mafundi wa Mabango na Wasanifu wa Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: mwanafunzi wa uchoraji, fundi anayeandika mabango na kupaka kuta, na kijana anayesanifu matangazo kwenye simu. Wote husema rangi zao "hazitoki". Ugonjwa wao mara nyingi ni mmoja, ndiyo maana majibu mengi hapa chini yatarudi kwenye mwanga na giza hata pale ulipouliza jambo jingine.

Rangi ina sifa ngapi, na mbona tunabishana majina yake?

Sifa tatu. Ya kwanza ni jina lake: nyekundu, njano, bluu. Ya pili ni mwanga wake, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Ya tatu ni ukolevu: inawaka, au imefubaa. Damu ya mzee na nyekundu ya nyanya ni ndugu kwa jina, ila ya kwanza ina giza zaidi na imefubaa. Ukimwambia fundi "nyekundu" tu, umemtajia sifa moja na mbili umemwachia akisie.

Kuhusu majina, Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali upatanisho: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi zilizobaki tumeziita kwa vitu. Manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, kijani ni jani. Ni utajiri kwa mchoraji, kwa kuwa kila jina lina sampuli yake, lakini si kipimo. Jani la mwembe na jani la mgomba hayafanani. Mteja akikuagiza "bluu ya bahari", mwombe alete kipande cha kitambaa au kifuniko cha chupa chenye bluu anayoitaka, mkubaliane mkiwa nje juani.

Kati ya sifa hizo tatu, nishughulikie ipi kwanza?

Mwanga na giza. Jicho hutambua umbo kwa tofauti ya mwanga kabla halijauliza rangi gani. Mchoro uliopangika vizuri kwa mwanga na giza huvumilia karibu rangi yoyote utakayoweka. Usiopangika hauokolewi hata na rangi ya bei mbaya.

Piga picha ya kazi yako kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama samaki amezama ndani ya maji na huoni tena mgongo wake unaishia wapi, tatizo limeonekana. Njia nyingine haina gharama: rudi hatua tano, fumba macho nusu mpaka kope zikaribie kukutana. Kinachobaki kuonekana ndicho mpita njia atakachokiona.

Zoezi la kufanya mara moja na kulitunza: chukua kipande cha hadibodi, chora visanduku 9 vya sentimita 3, cha 1 kiwe cheupe kabisa na cha 9 cheusi kabisa. Kigumu ni cha 5. Wengi huchanganya nyeupe na nyeusi nusu kwa nusu na kupata kijivu chenye giza mno, kwa sababu nyeusi ina nguvu kuliko nyeupe. Anza na nyeupe, ongeza nyeusi kwa ncha ya brashi. Ngazi ikikauka, weka rangi zako kando yake moja moja huku umefumba macho nusu. Njano ya limau itakaa kwenye 2, chungwa kwenye 4 hivi, nyekundu ya nyanya kwenye 5 au 6, bluu ya ultramarini ya moja kwa moja kutoka kwenye tyubu kwenye 8. Utagundua pia kwamba njano haikubali giza: ukiitia nyeusi inageuka kijani cha zeituni. Anayetaka "njano yenye giza" anatafuta okra (njano ya udongo) au kahawia bila kujua.

Shuleni tulifundishwa nyekundu, njano na bluu. Printa ina wino mwingine. Simu ina nyingine tena. Nani mkweli?

Wote, kila mmoja kwake. Skrini hutoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu, na zikijumlishwa zote unapata nyeupe. Wino na rangi za kupaka hunyonya mwanga, kwa hiyo kila ukiongeza nyingine giza linazidi. Ndiyo sababu printa hutumia siani (bluu-kijani), majenta (pinki-zambarau) na njano, pamoja na nyeusi. Zile tatu za shule ni desturi ya wachoraji na zinafanya kazi, ila kwa nyekundu ya nyanya hutapata pinki wala zambarau safi hata ukeshe. Kama una hela ya tyubu nne tu, nunua majenta, njano ya limau, bluu ya thalo na nyeupe.

Nachanganya bluu na njano, napata kijani kama maji ya mtaro. Nakosea wapi?

Kwenye kuchagua bluu. Hakuna bluu isiyoegemea upande. Ultramarini inaegemea wekundu. Thalo inaegemea kijani. Njano nazo ni hivyo hivyo: iko ya limau, inayoegemea kijani, na iko ya embe bivu, inayoegemea chungwa, yaani wekundu. Ukichanganya ultramarini na njano ya embe, umeingiza wekundu kutoka pande zote mbili bila kujua, na wekundu huua kijani.

Kijani safi cha jani changa la mgomba: njano ya limau sehemu 10, thalo sehemu 1. Anza na njano. Thalo ina nguvu ya kutisha. Tone la ukubwa wa punje ya mtama linatosha kubadili kijiko kizima. Anayeanza na thalo kisha kuongeza njano hujikuta ana nusu kopo la kijani asichokihitaji.

Kijani cha mikoko kina giza na kimefubaa. Hapo ultramarini na njano ya embe ni sahihi kabisa, pengine na chembe ya kahawia. Mchanganyiko "mchafu" si kosa ukiutafuta. Kwa kweli wengi hupaka miti ya Bagamoyo ikiwa imewaka mno, kijani cha plastiki, kisha hushangaa mnazi unaonekana kama umebandikwa juu ya mbingu.

Zambarau inafuata kanuni ileile. Nyekundu ya rosela, au majenta, na ultramarini hutoa zambarau safi. Nyekundu ya nyanya na thalo hutoa kahawia ya huzuni.

Nitajuaje tyubu ina nini ndani? Majina ya kampuni yanatofautiana.

Puuza jina la mbele, soma herufi ndogo za nyuma. Tyubu za wachoraji huandikwa namba ya unga wa rangi uliomo. PB29 ni ultramarini, PB15 ni thalo, PW6 ni nyeupe ya titani, PY3 ni njano ya limau, PR122 ni majenta, PBr7 ni kahawia ya udongo, PY42 au PY43 ni okra. Tyubu yenye namba moja huchanganyika kwa usafi. Yenye namba tatu imeshachanganywa kiwandani. Ukiichanganya na nyingine yenye tatu, una sita kwenye kibao na tope haliko mbali.

Seti ya kuanzia inayotosha mwaka mzima: nyeupe tyubu kubwa (itaisha kwanza, mara zote), njano ya limau, okra, nyekundu ya nyanya, majenta, ultramarini, thalo na kahawia ya udongo uliochomwa. Kijani, chungwa na zambarau usinunue. Nyeusi si lazima: ultramarini na kahawia hiyo, kiasi sawa, hutoa giza lililo hai kuliko nyeusi ya tyubu, na unaweza kuliegemeza kwenye ubaridi au joto upendavyo.

Ngozi za watu wangu zinatoka za majivu. Nifanyeje?

Umeangaza kwa nyeupe. Nyeupe hupoza rangi na kuifubaza, na juu ya kahawia inageuka vumbi. Ngozi iangazwe kwanza kwa okra na nyekundu kidogo. Nyeupe iingie mwisho na kwa tone.

Mwanzo mzuri kwa mtu wa maji ya kunde: kahawia ya udongo uliochomwa sehemu 4, okra sehemu 2, nyekundu sehemu 1. Kwa mtu mweusi zaidi, punguza okra na ongeza ultramarini kidogo kidogo. Kivuli usikitie nyeusi ya tyubu: ikikutana na okra huleta ukijani, na uso unaonekana mgonjwa. Tumia ultramarini na majenta chembe.

Sasa mtazame mvuvi aliyesimama juani wazi, bila kofia. Sehemu inayong'aa kwenye paji la uso au juu ya bega si kahawia iliyopauka. Ni bluu-kijivu, kwa kuwa ngozi nyeusi yenye jasho inarudisha anga kama kioo. Changanya ile rangi yako ya ngozi, nyeupe na ultramarini kidogo, weka kwa mguso mmoja, usisugue. Sikio lenye jua nyuma yake ni tofauti: mwanga unapenya na linawaka chungwa-nyekundu. Vitu hivi viwili peke yake hubadilisha picha kuliko kununua tyubu mpya.

Bahari yangu inafanana na kadi za watalii. Kwa nini haiwi ya hapa?

Kwa sababu umepaka bahari ya Zanzibar. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini mwa mji, na maji hayo yana tope. Masika yanapokolea bahari ya Bagamoyo ni kijani-kahawia, karibu chai ya maziwa pale ufukweni, na bluu huanza mbali. Thalo chembe, okra, kahawia kidogo na nyeupe ndiyo mwanzo. Bluu safi iweke mstari mwembamba tu karibu na upeo, siku ya kaskazi.

Jambo la pili ni tanga la jahazi. Ufukwe wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo chombo unakiona kutokea upande wa kivuli chake, na tanga jeupe lina giza kuliko anga nyuma yake. Linaweza kuwa kwenye kisanduku cha 4 au 5 cha ngazi yako, la kijivu-zambarau, na bado kila mtu atasema ni jeupe. Jioni jua liko mgongoni mwako; tanga lilelile linakuwa kitu chenye mwanga kuliko vyote. Anayepaka tanga kwa nyeupe ya tyubu katika picha ya machweo na picha ya mawio amepaka neno "jeupe", hajapaka tanga. Maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, mchanga uliolowa nao hubeba rangi ya anga na si ya mchanga.

Napaka Tinga Tinga kwa rangi ya mafuta. Zinaingiliana na kukunjamana. Nini kinatokea?

Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi. Rangi hiyo ina tabia yake: haipendi kuchanganywa ikiwa mbichi ubaoni. Mtindo wenyewe umeikubali tabia hiyo, ndiyo maana unaona tabaka bapa, mistari safi na nukta.

Mandhari ya nyuma kwanza, iache mpaka ikauke kabisa. Siku moja inatosha wakati wa kiangazi. Masika hesabu mbili au tatu, kwani unyevu wa pwani huchelewesha. Kisha umbo la mnyama kwa rangi moja, likauke. Kisha madoa na manyoya, na mwisho mstari mweusi. Ukipaka nene, juu hukauka kabla ya chini, halafu chini ikijivuta juu inakunjamana kama utando wa maziwa. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene.

Thina isizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za rangi. Petroli hapana: inaruka haraka, inaua mng'ao, na moto wake hauna msamaha. Mafuta ya taa huacha rangi ikinata kwa siku nyingi.

Kosa la kubuni lililo la kawaida zaidi ni mandhari yenye mwanga sawa na mnyama. Twiga wa njano juu ya anga ya njano-chungwa atategemea mstari mweusi peke yake. Ipe anga giza juu na mwanga chini, au kinyume chake, ili shingo ipite kwenye giza na miguu ipite kwenye mwanga. Hiyo ndiyo siri ya anga zile zinazofifia taratibu, wala si pambo tu.

Nitumie rangi ngapi kwenye kazi moja?

Itazame khanga. Ina pindo, mji na jina, na nyingi hazizidi rangi nne au tano. Sababu ya kwanza ni ya kiwandani: kila rangi inahitaji fremu yake au roli yake ya kuchapia, na kila nyongeza ni gharama na nafasi mpya ya michoro kukosa kukutana. Lakini uchache huo umezaa usanifu mzuri. Nyeusi inashika mistari, rangi moja inatawala, nyingine inaitikia, na nyeupe inapumzisha. Jina linasomeka hata mvaaji akiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa anayeanza, rangi tatu: moja ichukue zaidi ya nusu ya eneo, ya pili karibu theluthi, ya tatu kidogo sana, mahali unapotaka jicho litue. Zikigawana sawa zinagombana. Wachapaji wa nembo na fulana watakushukuru pia, maana hulipisha kwa idadi ya rangi.

Bango langu halisomeki kutoka barabarani, na rangi ni kali. Kwa nini?

Ukali wa rangi hauleti usomekaji. Tofauti ya mwanga ndiyo inayoleta. Tofauti hiyo ina kipimo: nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, rangi juu ya rangi hiyohiyo ni 1 kwa 1. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kwa rangi halisi za skrini, nyeusi juu ya njano ni 19.6, nyeupe juu ya bluu ni 8.6, njano juu ya kijani cha kawaida ni 4.8, nyeupe juu ya nyekundu ni 4.0, nyekundu juu ya bluu ni 2.1, nyekundu juu ya kijani hicho hicho ni 1.3, na njano juu ya nyeupe ni 1.1. Hizo tatu za mwisho ziko kwenye mabango kila kona. Nyekundu juu ya bluu hata huonekana kama inatetemeka. Jicho linashindwa kuweka zote mbili sawa kwa pamoja.

Urefu wa herufi: sentimita 2.5 husomeka kwa raha ukiwa mita 3, na kwa shida ukifika mita 10. Bango la kusomwa na mwenye bodaboda aliye mita 30 linahitaji herufi za sentimita 25 ili lisomeke bila kupunguza mwendo. Namba ya simu ndogo chini kabisa ni mapambo.

Fikiria na saa. Jua likizama, jicho hupoteza nyekundu kabla ya bluu. Mwanasayansi Purkinje alilieleza jambo hili karne ya 19. Tazama mkrismasi uliochanua saa moja kasoro jioni: maua yanakuwa meusi huku majani bado unayaona. Bango la chipsi lenye maandishi mekundu juu ya nyeusi linakufa wakati uleule wateja wanaanza kuja.

Kwenye simu inawaka, ikichapwa imefubaa. Mchapaji kaniibia wino?

Hapana. Skrini inaweza kutoa bluu, kijani na chungwa kali ambazo wino nne za printa hazifikii. Badilisha faili iwe ya mfumo wa CMYK, yaani wa wino hizo nne, kabla hujamwonyesha mteja, ili aone ukweli mapema. Maandishi madogo yawe nyeusi peke yake, asilimia 100 ya wino mweusi. Ukiyajenga kwa wino nne, karatasi ikisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli cha rangi. Punguza pia mwanga wa skrini unaposanifu usiku. Tangazo lililopendeza kwenye simu yenye mwanga wote huchapwa likiwa na giza.

Rangi niliyochagua kwenye kadi si iliyotokea ukutani.

Kipande cha kadi ni kidogo na ukuta ni mkubwa. Eneo likikua, ukolevu unaonekana kuongezeka. Kuta nne za chumba nazo huangaziana, na pinki ya upole inakuwa tanuri. Chagua rangi iliyofubaa hatua moja kuliko unayoipenda kwenye kadi. Paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 tabaka mbili, uache ukauke, kisha uuhamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, jioni na taa ikiwashwa. Balbu ya kelvini 2,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa) hunyanyua njano na nyekundu na kuizima bluu. Ya 6,500 hufanya kinyume. Fundi cherehani anakijua kisa hiki: uzi uliolingana na kitambaa chini ya taa ya duka unakataa ukifika mlangoni.

Na kuta za zamani za mawe ya matumbawe?

Hizi zinahitaji jibu la pekee. Nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu na chumvi vinaingia na kutoka. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi na kuisukuma. Ndani ya masika moja au mbili inabanduka pamoja na lipu.

Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, nyembamba kama maziwa, tabaka tatu au nne, ukilowesha ukuta kwanza. Unga wa rangi usizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Ukizidi, ukuta unachafua nguo za wanaouegemea. Chagua unga unaovumilia ukali wa chokaa: udongo mwekundu, okra, kahawia na nyeusi za chuma. Bluu ya Prussia huharibiwa na chokaa. Changanya rangi yote ya ukuta kwa mara moja, kwani ndoo ya pili haitalingana. Na usiogope ikiwa mbichi ina giza: chokaa ikikauka hupauka sana, kwa hiyo pima kwenye kipande kilichokauka, si kwenye ndoo.

Ukuta mpya wa saruji usiupake rangi ya mafuta kabla ya siku 28. Ukali wa saruji mbichi hugeuza mafuta kuwa kama sabuni. Rangi inanata, inatoa malengelenge, na lawama zinamwangukia muuza duka.

Nachorea chini ya turubai la bluu nje. Lina madhara?

Makubwa. Kila kitu chini yake kimevaa bluu, jicho linazoea, na wewe unaongeza chungwa na nyekundu kufidia bila kujua. Picha ikitoka juani inaonekana imeungua. Tumia turubai jeupe, au makuti. Mwembe nao hutia kijani, ila kwa kiasi kidogo.

Bango likikaa miaka miwili linabaki la bluu tu. Sababu?

Njano na majenta nyingi za wino wa kuchapia huliwa na jua mapema kuliko siani na nyeusi. Kama bango litakaa nje, ujumbe muhimu uwe nyeusi au bluu, na nyekundu ibaki kuwa pambo. Rangi za udongo hazipauki kirahisi. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi unapigwa jua mwaka mzima. Unaotazama kaskazini unapigwa zaidi mwezi Juni hivi.

Rangi zina maana gani?

Maana iko kwa watu. Nyeupe ni ya harusi, na ni ya sanda pia. Nyeusi ni ya msiba na ni ya suti ya bwana harusi. Vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vikitundikwa pamoja mlangoni, wapo watakaodhani kwa mganga. Duka la kijani na njano litaulizwa kama ni la Yanga au la chama. La nyekundu na nyeupe litaitwa la Simba. Orodha za mtandaoni zinazosema "bluu huleta uaminifu" zimeandikwa kwa watu wengine. Waulize watu watano wanaopita mbele ya duka hilo.

Wasiotofautisha nyekundu na kijani niwafikirie?

Ndiyo. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu 8 katika kila 100. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Usiache rangi ibebe ujumbe peke yake: ongeza neno, alama au tofauti ya mwanga.

Mteja anasema "ongeza rangi, iwake zaidi", na nimeshaweka ileile ya kwenye kopo. Nifanye nini?

Usiiguse rangi hiyo. Gusa jirani zake. Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alipokea malalamiko kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza alikuta nyuzi ni nzima; kilichoziangusha ni rangi zilizofumwa kando yake. Alichapisha maelezo yake mwaka 1839, na mpaka leo kazi inafanyika hivyo hivyo. Nyekundu inazungukwa na chungwa na pinki? Itazimika. Ipe jirani wa kijivu chenye ukijani, tofauti kidogo kwa mwanga, na itawaka bila tone la nyongeza. Kata karatasi ya rangi hiyo, ishike kando ya nyekundu yako, mwite mteja aangalie kabla hujafungua kopo jingine.